Mama Yoeli Aliyekataa Kubonyeza

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Tabea Abdiel Akyoo, ambaye karakana nzima inamwita Mama Yoeli, anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Kilele hapa Olasiti kwa miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku ishirini na sita. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ameitumia akiwa ameshika rimoti ya winchi ya umeme, ile mashine iliyofungwa juu kwenye boriti ya chuma, ambayo kwa waya wake inanyanyua mota na pampu za hadi tani mbili. Tangu apate cheti cha kuiendesha, kuna miezi kumi na moja tu ambayo hakuishika. Miezi hiyo tutaieleza hapa, na hatutapunguza neno.

Ni vizuri wasomaji wajue kwamba ofisi ilitupatia rasimu ya wasifu huu ikiwa tayari imechapwa, nusu ukurasa, ili tuitie tu kwenye jarida. Ilimtaja Mama Yoeli kuwa "mtumishi mtiifu, mpole na asiye na makuu." Wenzangu walioisoma walicheka. Mimi sikucheka. Mtiifu! Mama Yoeli angekuwa mtiifu siku moja tu ambayo wote tunaijua, leo kungekuwa na wajane wawili, na huenda mke wangu angekuwa wa tatu. Jarida hili ni la tawi letu la wafanyakazi, si la ofisi. Rasimu tumeirudisha kwa heshima, na kazi ya kuandika nimepewa mimi, Sefu Saadi, mfunga mizigo.

Kwa asiyejua, mfunga mizigo ndiye anayeuvisha mzigo mikanda, akaitia kwenye ndoano ya winchi, kisha akampa ishara mwendeshaji anyanyue. Tangu mwaka 2006 mikono yangu imekuwa chini ya ndoano na kidole cha Mama Yoeli kimekuwa kwenye kitufe. Mtu wa namna hiyo humjui kwa maneno. Unamjua kwa sababu jioni unarudi nyumbani na vidole vyako kumi.

Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji kilicho juu ya Maji ya Chai, kwenye miteremko ya Meru, nyumba ya kahawa na migomba, mtoto wa nne wa mwinjilisti. Tarehe 4 Machi 1991 aliajiriwa hapa kuwa mfagiaji. Wakati huo winchi ilikuwa chini ya Mzee Hans, mtu wa maneno machache aliyekuwa na tabia ya kufoka mfagiaji akipita karibu na mzigo. Mama Yoeli hakununa. Alianza kuuliza kwa nini asipite. Baada ya mwezi alimwambia mzee kwamba kila asubuhi anafagia matone ya mafuta mahali palepale chini ya ngoma inayokunja waya, na kwamba wiki hiyo matone yameongezeka. Mzee Hans akapanda ngazi, akafungua kifuniko, akakuta sili inayozuia mafuta yasivuje imepasuka. Aliposhuka alimnyang'anya ufagio akauegemeza ukutani.

"Kesho uje na mimi huku juu," alimwambia. "Kufagia atafagia mwingine."

Haikuwa rahisi hivyo, na kufagia aliendelea kufagia miaka mingine mitano huku akijifunza. Mwaka 1996 alipata cheti chake cha kuendesha winchi, na hapo ndipo mabwana wa karakana hii walipoanza vituko. Fundi mmoja mkubwa, ambaye sasa amestaafu na tunamsitiri jina, alitangaza kwamba hawezi kufanya kazi chini ya mzigo ulioshikwa na mwanamke. Siku tatu alikaa nje kwenye benchi akinywa chai. Siku ya nne Mama Yoeli alimfuata.

"Shikamoo, fundi. Nimekuja kukwambia tuko pamoja. Na mimi sitaki ukae chini ya mzigo. Hakuna mtu anayetakiwa kukaa chini ya mzigo, hata ukishikwa na malaika. Sasa simama pembeni pale, tufanye kazi."

Fundi yule alisimama pembeni miaka kumi na minne, na winchi ikishikwa na mtu mwingine aligoma kuingia.

Kazi yake aliianza kila siku kwa namna moja. Kabla ya chai, kabla ya salamu ndefu, alizima umeme, akapanda ngazi na kitambaa cha pamba mkononi, akakipitisha taratibu juu ya waya wa chuma, futi kwa futi. Waya mzima kitambaa kinateleza. Penye uzi uliokatika, hata mwembamba kama unywele, kitambaa kinanasa. Kisha alitazama ndoano, kama imefunguka mdomo, na kama kile kibanio kinachozuia mkanda usichomoke kinarudi chenyewe. Akishuka aliwasha umeme, akapandisha ndoano tupu hadi juu kuona kama limiti inafanya kazi, yaani ile swichi inayozima winchi yenyewe kabla ndoano haijagonga ngoma. Akabonyeza kitufe chekundu cha dharura kuona kama kila kitu kinasimama. Mwisho aliunyanyua mzigo wa kwanza wa siku kwa kimo cha kiganja tu, akauacha hapo, akautazama kama breki inaushika au unashuka. Halafu alifungua daftari la winchi akaandika. Shughuli yote hiyo ilichukua robo saa. Tuliokuwa na haraka tulimwita Mama Sala, kwa kuwa tulisema anasali na winchi.

Alikuwa na vicheko vyake pia. Mwaka mmoja, wakati wa maonesho, alikuja mgeni wa heshima, mtu mnene mchangamfu, akataka apigwe picha akiwa amenyanyuliwa na winchi, amesimama juu ya ndoano na kofia ya usalama kichwani. Wakubwa wakacheka, wakampa Mama Yoeli ishara. Yeye akaiweka rimoti chini.

"Mheshimiwa, hii mashine ni ya mizigo," alisema. "Na wewe si mzigo."

Mgeni alicheka kuliko wote na picha ikapigwa chini, miguu yote miwili ikiwa sakafuni. Picha hiyo bado iko ukutani ofisini.

Na kuna jambo alilotufundisha mpaka tukachoka: winchi inanyanyua, haivuti. Mtu akitaka kuuburuta mzigo ulioko kando kwa sababu ni mvivu wa kusogeza toroli inayoipitisha winchi kwenye boriti, Mama Yoeli alimwambia akatafute trekta. Waya ukivutwa kwa upande unatoka kwenye mifereji yake na kujikata wenyewe kwa wenyewe, na mzigo ukiachia unayumba kama ng'ombe aliyekata kamba. Tulimwona ana makelele. Makelele hayo ndiyo yaliyotulea.

Sasa nije kwenye siku ambayo ofisi haikutaka tuiandike.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 kitambaa chake kilianza kunasa. Kwanza mahali pamoja, kisha matatu. Aliandika kwenye daftari na kumtaka meneja uzalishaji wa wakati huo, Bwana Frederick, atie sahihi. Alitia. Tarehe 2 Machi Mama Yoeli alijaza fomu ya kuomba waya mpya. Aliambiwa umeagizwa Dar. Wiki zikapita. Kila asubuhi alihesabu nyuzi zilizokatika na kuandika idadi, na kila asubuhi akapunguza uzito aliokubali kunyanyua, tani moja na nusu, kisha tani moja, kisha nusu tani. Bwana Frederick alianza kumwita "mama wa kitambaa" mbele ya wateja.

Alhamisi tarehe 20 Aprili, siku chache tu baada ya Pasaka, mvua ya masika ikinyesha, lilikuja lori la mteja kutoka shamba moja la maua. Lilikuja kuchukua pampu ya kisima kirefu tuliyoitengeneza, ya tani moja na zaidi, na bomba lake refu la zaidi ya mita nne. Pampu kama hiyo inatakiwa kunyanyuliwa ikiwa imelala, kwa mikanda miwili. Mikanda mirefu ilikuwa kwenye karakana yetu ndogo ya Njiro. Kwenda na kurudi ni saa moja na nusu. Bwana Frederick hakutaka kusubiri. Aliamuru ifungwe kichwani inyanyuke ikiwa imesimama wima, ipite juu ya mbao za ubavuni mwa lori. Tulipopima, ikaonekana limiti itaizima winchi kabla pampu haijavuka ubavu. Kimo kilipungua kama urefu wa mkono. Basi alimwita fundi umeme akamwamuru aifunge limiti ile kwa kipande cha waya, isizime tena.

Nilikuwepo. Nilimwona fundi akipanda ngazi. Sote tulimwona.

Mama Yoeli alimsubiri ashuke. Hakupayuka. Alikwenda ukutani, akazima swichi kuu, akatoa kufuli lake mwenyewe mfukoni, akaifunga swichi ikiwa imezimwa, akaweka ufunguo kwenye mfuko wa ovaroli na kufunga kifungo.

"Unafanya nini?" Bwana Frederick aliuliza.

"Nimezima, bosi. Waya una nyuzi kumi na saba zilizokatika sehemu moja, na limiti imefungwa. Nipeni mikanda ya Njiro na waya mpya, nitanyanyua hata usiku kucha."

"Mama Tabea, mteja yuko hapa. Lori linatakiwa Usa River saa sita."

"Litachelewa, lakini litafika likiwa na pampu nzima."

"Sikiliza. Wewe kazi yako ni kubonyeza. Engineer ni mimi. Bonyeza."

"Sibonyezi."

Karakana ilinyamaza. Mashine ya kuchomelea ilizimwa. Mvua kwenye mabati ndiyo pekee iliyobaki ikisema. Ninaandika hivi nikiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na bado nikikumbuka ukimya ule uso unanichoma, maana tulikuwa wanaume ishirini na wawili mle ndani, na aliyesema "sibonyezi" alikuwa mmoja.

Bwana Frederick alimwamuru aondoke, aende akakae getini. Akaagiza kufuli likatwe kwa grinda. Cheche zikaruka, kufuli likaanguka. Akamwita Lomayani, kijana wa stoo aliyewahi kushika rimoti mara chache kwenye mizigo midogo, akamkabidhi. Lomayani alinitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Halafu, Mungu anisamehe, nikachukua mkanda nikaufunga mzigo. Nilikuwa nimesikia kila neno alilosema, na nikaufunga.

Mama Yoeli alikuwa ameshaambiwa aondoke, lakini alikuwa bado hajaondoka. Alinijia karibu.

"Sefu, ukishafunga, toka. Usiushike mzigo kwa mkono. Uongoze kwa kamba, na kamba iwe ndefu."

"Sawa, mama."

"Ndefu, Sefu. Hatua sita."

Kisha akaenda kwenye lori. Juu yake walisimama wafanyakazi wawili wa mteja, Nasri na mwenzake, tayari kuipokea pampu.

"Shukeni hapo."

"Mama, bosi amesema tuipokee," Nasri alijibu.

"Bosi hayuko juu ya lori. Nyie ndio mko. Shukeni, wanangu. Ikishatua mtapanda tena, kuna shida gani?"

Walinung'unika. Bwana Frederick alikuwa akipiga kelele kutoka upande wa pili, aondoke, ataita mlinzi. Mama Yoeli alisimama palepale kwenye tairi la nyuma, ameshika ubavu wa lori kwa mkono mmoja, wala hakusogea mpaka miguu ya wote wawili ilipokanyaga chini. Aliwasukuma hadi kwenye mlango wa stoo. Hapo ndipo alipogeuka akaenda getini kwenye mvua.

Lomayani alibonyeza. Pampu ikapanda. Nilikuwa hatua sita nyuma, nimeshika kamba. Pampu ikafika usawa wa ubavu, ikabaki kidogo tu, na Bwana Frederick akasema "ongeza, ongeza." Lomayani akaongeza. Ndoano ikagonga ngoma. Hakukuwa na kitu cha kuizima. Mota iliendelea kuvuta, na waya ukakatika kwa mlio ambao sijawahi kuusikia tena na siombi kuusikia.

Pampu iligonga chini, ikainama juu ya ubavu na kuangukia ndani ya lori, pale pale walipokuwa wamesimama Nasri na mwenzake, ikapasua sakafu yake, kisha ikapinduka na kuangukia upande wangu. Bomba lililala mahali ambapo kwa kawaida nasimama nikiwa nimeweka kiganja juu ya mzigo. Waya uliokatika ulirudi kama mjeledi ukampiga Lomayani begani na kuuvunja mkono wake mara mbili.

Hakufa mtu. Someni tena sentensi hiyo na mjue ni kazi ya nani.

Sasa sikilizeni alivyolipwa.

Siku ya nne baada ya ajali Mama Yoeli alipewa barua ya onyo kali. Makosa yaliyoandikwa yalikuwa mawili: "kukaidi amri halali ya kiongozi" na "kuacha kituo chake cha kazi, hivyo kusababisha mashine kuendeshwa na mtu asiye na sifa." Yaani mtu amefukuzwa kwenye winchi, kufuli lake limekatwa mbele ya macho ya watu, kisha anaandikiwa kwamba aliondoka! Nimeishi Arusha maisha yangu yote, nimesikia uongo wa kila aina, lakini uongo uliopigwa muhuri una uchungu wake. Ripoti ya ajali ilimtaja yeye kama chanzo cha kwanza na Lomayani kama chanzo cha pili. Limiti haikutajwa. Waya haukutajwa. Lomayani aliachishwa kazi akiwa bado na plasta, na Mama Yoeli akahamishiwa getini kuandika namba za magari.

Miezi kumi na moja mwendeshaji bora wa winchi mkoani alikaa kwenye kibanda cha bati akiuliza madereva wanakwenda wapi. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Ukipita asubuhi anakusalimia, anakuuliza watoto, saa nne anakugawia loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando. Tulikula. Tulikula chakula chake na kurudi ndani kufanya kazi, na hatukumtetea. Mtu wa kwanza kwenda kumtazama Lomayani hospitalini alikuwa yeye, tena kwa miguu kutoka stendi kwenye mvua. Lomayani ameniambia hakumtupia neno hata moja la "nilisema." Alimuuliza kama anaweza kusogeza vidole.

Hata hivyo mtu asidhani alikaa tu. Mwezi wa Mei aliandika barua kwa wakaguzi wa usalama kazini, kwa mkono, kurasa tatu, akairudia Agosti na Novemba. Mkaguzi alifika Februari 2018. Akaomba daftari la winchi. Ofisi ikamjibu kwamba liliharibiwa na mvua za masika. Daftari lililokuwa likilala ndani ya kabati la chuma, ndani ya ofisi yenye dari, liliharibiwa na mvua! Na makaratasi mengine yote ya kabati hilo yalikuwa makavu.

Aliyetuokoa kwenye aibu hiyo ni Salha, mtunza stoo, mwanamke mkimya kiasi kwamba wengine walidhani ana dharau. Fomu ya kuomba vifaa huwa na nakala tatu, na moja hubaki stoo. Mkaguzi alipokuwa akijiandaa kuondoka, Salha alitoka na jalada kifuani.

"Samahani," alisema. "Hii haikunyeshewa."

Ilikuwa fomu ya tarehe 2 Machi 2017, imejazwa na Mama Yoeli, inaomba waya mpya na kueleza sababu. Haikuwahi kwenda Dar wala popote. Pembeni, kwa wino wa bluu, Bwana Frederick alikuwa ameandika neno moja, "Isubiri," na kutia sahihi.

Siku hiyohiyo winchi, ambayo miezi yote hiyo iliendeshwa kwa waya uleule uliofupishwa, ilifungwa. Ilifunguliwa baada ya wiki mbili ikiwa na waya mpya, limiti mpya, na tangazo ukutani kwamba mwendeshaji ana haki ya kukataa kunyanyua na asiadhibiwe kwa hilo. Wengi wenu mnapita mbele ya tangazo hilo kila siku mkidhani lilikuja na jengo. Mwezi wa Machi Mama Yoeli aliitwa arudi kwenye rimoti kesho yake. Hakuna aliyemwomba radhi. Bwana Frederick alihamishiwa makao makuu, akapewa cheo kikubwa zaidi. Na ile barua ya onyo ilibaki kwenye faili.

Ilibaki miaka minane. Kila mwaka, jina lake lilipopendekezwa kuwa mfanyakazi bora wa Mei Mosi, faili lilifunguliwa, barua ikaonekana, jina likakatwa. Tumewapa heshima hiyo watu waliowahi kulala zamu. Nimewahi kuipata mimi, mwaka 2021, na nilipiga picha nikitabasamu. Cheti hicho nimekishusha ukutani.

Katika miaka hiyo minane alifundisha waendeshaji sita. Wa mwisho ni Brenda, anayeipokea winchi rasmi siku ya pili baada ya sherehe ya kuaga. Mwezi uliopita Brenda alikataa kunyanyua mota kwa sababu kibanio cha ndoano kilikuwa kimepinda. Msimamizi alitazama, akasema sawa, akaenda kutafuta kingine. Dakika ishirini, kazi ikaendelea. Vijana waliona ni jambo la kawaida. Sisi wa zamani tulitazamana.

Mwezi wa Aprili mwaka huu tawi lilimuuliza Mama Yoeli anataka zawadi gani ya kuagwa. Watu huomba mabati, friji, ng'ombe wa maziwa. Yeye aliomba barua ile itolewe. Tulipeleka ombi likiwa na sahihi hamsini na nane. Ofisi ikajibu kwamba taratibu haziruhusu kurekebisha kumbukumbu za zamani. Tukalipeleka tena, safari hii tukaambatisha nakala ya fomu ya Salha, na Lomayani, ambaye siku hizi ana karakana yake ndogo ya kuchomelea mageti Maji ya Chai, akaja mwenyewe na mkono wake uliopinda akasimama mbele ya meneja mpya, Bi. Irine, akaeleza siku ile ilivyokuwa, tangu grinda hadi hospitali.

Bi. Irine alimwita Mama Yoeli. Mimi nilikuwepo kwa niaba ya tawi.

"Mama, nimesoma yote," alisema. "Kwa kweli ulionewa. Naomba uichukulie barua ile kama haipo. Sisi tumeshaisahau."

Mama Yoeli aliweka mikono juu ya mapaja.

"Mwanangu, nashukuru. Lakini mlinionya kwa maandishi. Niondoleeni kwa maandishi."

Alisema hivyo tu, akasimama, akarudi kazini.

Barua ilitoka tarehe 24 Juni, siku sita kabla ya kustaafu. Ina mistari minne. Inasema onyo la mwaka 2017 halikuwa na msingi, limefutwa, na Bi. Tabea Akyoo alitekeleza wajibu wake ipasavyo. Mistari minne! Niliisoma kwa sauti mbele ya winchi, watu wakapiga makofi, na mimi katikati ya makofi hasira zikanipanda upya. Nilihesabu. Mistari minne imechukua miaka minane, na aliyeandika neno "Isubiri" hakuandika hata mmoja. Nasri alikuwepo pia. Huja kila Idi na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kitambaa, hata mwaka alipohamia Moshi alikuja, na siku hiyo alikuja na wanawe watatu. Mkubwa wao ana miaka saba.

Mama Yoeli, kwa niaba ya tawi, asante kwa miaka thelathini na minne. Asante kwa kitambaa, kwa kufuli, kwa robo saa ya kila asubuhi tuliyokucheka nayo. Kwa niaba yangu mwenyewe nina la ziada. Siku ile nilijua na bado nilifunga mzigo, na tangu hapo hujawahi kuniuliza kwa nini. Nakujibu leo mbele ya watu wote: niliogopa kupoteza kazi. Nisamehe.

Nenda nyumbani, mama. Kahawa yako izae, migomba yako isianguke kwa upepo, Yoeli na wajukuu wakujazie nyumba. Uishi miaka mingi na afya tele, na asitokee tena mtu yeyote, mwenye cheo au asiye nacho, wa kukupa onyo kwa sababu ulimkatalia kuua watu.